Mshale wa Kijani Pembeni mwa Saa

Fundi wa kompyuta aliyepanda kutoka Masasi kuja kuniwekea programu ya kuvuta nyimbo mtandaoni alinionyesha kisanduku kidogo kwenye kioo, akasema, "Mama, hapa unaandika kikomo. Ukiandika mia mbili, ikishavuta emubii mia mbili za bando kwa siku inasimama yenyewe. Usipoandika kitu, haisimami." Nikamwuliza kwa nini mtu mwenye akili zake asimamishe kitu kinachomletea riziki akiwa amekaa. Akacheka, akafunga begi lake, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi. Kisanduku kikabaki kitupu.

Nieleze kwa nini kilibaki kitupu, maana wa kwingine wataniona mjinga tu, na ujinga wangu una kwao. Mimi ni mtu wa Newala. Huku juu maji ya bomba huja yanapotaka yenyewe. Yanasukumwa kwa umeme kutoka bondeni, na umeme nao una mambo yake, kwa hiyo wiki nzima inaweza kupita bila tone. Ndiyo maana bomba la Newala halifungwi. Linaachwa wazi kutwa, ndoo chini yake, na mwenye nyumba anafanya shughuli zake huku sikio liko uani. Mgeni akija akalifunga kwa adabu zake za mjini anagombezwa, kwa sababu maji yatakuja, yatapita, na nyumba ile itabaki kavu. Mama yangu hakuwa mtu wa fimbo. Alinichapa mara moja tu utotoni, na kosa langu lilikuwa kufunga bomba lisilo na maji.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo, umpe programu inayovuta vitu yenyewe kutoka kwenye mtandao, inayosubiri mtandao ukikatika na kuendelea ukirudi. Ataiacha wazi, na atalala usingizi mzuri.

Nilikuwa na steshenari karibu na soko. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya umma, mpaka ilipokuja ile miaka ya kupunguza watu na kuachia kila kitu kwa wenye nguvu zao. Nikapunguzwa. Nililia mwezi mmoja, kisha nikachoka kulia. Makampuni ya simu yalikuwa yanashindana kusimika minara, na sisi tuliozoea kupanga foleni posta ili kupiga simu Dar es Salaam tukajikuta tunatembea na simu sokoni. Nikanunua laptopu iliyotumika, printa, na modemu ya kuchomeka. Nilichapa barua, nikatoa nakala, nikajaza fomu za watu kwenye mtandao. Lakini kilichonilisha hasa kilikuwa nyimbo. Madereva, akina mama wa vikundi, wanakwaya, kila mtu alikuja na memori kadi yake akitaka ijazwe. Mteja akitaja kitu, nakiongeza kwenye orodha ya programu, namwambia kitashuka chenyewe.

Bando lenyewe nilinunua la mwezi. Halikuwahi kunipungukia, kwa sababu mtandao wetu ulikuwa unajikongoja hivi kwamba programu haikupata nafasi ya kulimaliza. Unyonge wa mnara ndio uliokuwa kikomo changu, nami sikulijua hilo.

Sasa nimlete Mama Pacha. Alikuwa mhudumu katika zahanati ya Mnyambe. Alifagia, akachemsha vifaa, akapima watoto uzito siku za kliniki. Nilimzidi kama miaka kumi, akaniita dada, nami nikamwita kwa watoto wake, kama kila mtu alivyomwita. Alitaka kwenda kusomea uuguzi. Kidato cha nne biolojia ilimkwamisha. Akairudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli. Akairudia tena, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na mwaka ule akapata alama iliyotakiwa. Kilichobaki kilikuwa maombi ya chuo, na maombi ya chuo yalikuwa yameshahamia kwenye mtandao. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Mwaka uliofuata usingemfaa, na sababu ni mjomba wake. Kwao Chiwata, kama kwa wengi wetu huku, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Huyu mjomba alikuwa na shamba kubwa la mikorosho, na alijiwekea utaratibu wake: kila msimu, mavuno ya upande mmoja wa shamba yalikuwa ya mtoto mmoja wa dada zake, kwa zamu, ayasomee. Zamu ya Mama Pacha ilishampita mara mbili, mara ya kwanza alipojifungua, mara ya pili alipofeli. Mjomba akasema ya tatu ni ya mwisho. Ikiwa kazi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho itakwisha yeye hana chuo, zamu inakwenda kwa mdogo wake, na nyuma ya huyo mdogo kulikuwa na wengine sita wanaongoja.

Haya yote alinieleza siku ya Jumatatu, amekaa kwenye benchi langu, bahasha ya vyeti magotini. Cheti cha matokeo kilikuwa kimemfikia Jumamosi. Nikaskani vyeti, nikampiga picha mbele ya shuka la bluu, nikahifadhi kila kitu vizuri. Ilikuwa saa tisa alasiri na mtandao ulikuwepo. Ningeweza kuanza kujaza fomu wakati uleule. Lakini programu ilikuwa katikati ya video za nyimbo za harusi ambazo mteja wangu mmoja alizitaka ifikapo Jumamosi, na nilijua nikifungua ukurasa mwingine zitasuasua. Nikamwambia, "Nenda zako, mdogo wangu. Niachie mimi. Kesho asubuhi nalimaliza."

Kesho asubuhi umeme ukakatika. Jumatano mnara nao ukazima. Alhamisi hapakuwa na pa kuchaji hata simu, na bomba zote zilikuwa kavu. Mama Pacha alikuja Alhamisi hiyo baada ya kazi, akasimama mlangoni, akauliza kwa upole, "Dada, imeshakwenda?" Nikamwambia haijakwenda, si anaona umeme. Akasema atarudi kesho. Nilimjibu kwa ukali kidogo, kama mtu anayedaiwa, na alipoondoka nikajiambia kwamba fomu yenyewe ni kazi ya nusu saa.

Umeme ulirudi alfajiri ya Ijumaa. Saa mbili nilikuwa dukani. Nikawasha laptopu, nikachomeka modemu, na modemu ikawaka taa ya bluu, rangi ya mtandao wenye kasi, ambayo Newala tuliiona kwa nadra. Simu za watu wengi zilikuwa bado hazina chaji, kwa hiyo mnara mzima ulikuwa wetu sisi wachache. Nilikuwa nimeanza kuandika anwani ya chuo niliposikia mtaa unalipuka, "Maji! Maji yametoka!" Umeme uliorudi kwangu ulikuwa umerudi kwenye pampu pia. Ilikuwa siku ya nane hatujaona tone. Mtu mwingine angesema acha nitume fomu kwanza. Mimi sikufikiri lolote. Nilivuta mlango wa duka nikakimbia nyumbani, laptopu nimeiacha inawaka.

Nilijaza mapipa, madumu, sufuria, beseni, hata birika la chai. Nikamjazia na jirani mzee asiyeweza kunyanyua. Niliporudi dukani ilikuwa saa nne na nusu, gauni limelowa na roho yangu nyeupe kabisa.

Orodha ya programu ilikuwa ya kijani tangu juu, kasoro video mbili za mwisho. Vitu vilivyokuwa vinajikokota wiki tatu vilikuwa vimeshuka vyote katika muda wa kujaza mapipa. Nilipiga makofi, peke yangu dukani. Halafu nikafungua ukurasa wa chuo ili nimalize ile kazi ya nusu saa. Ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa. Nikafungua kihesabio cha modemu. Bando, ambalo lilikuwa na wiki mbili mbele yake, lilisoma sifuri.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilichokisikia baadaye ni sauti ya Mama Pacha akisema, "Hodi dada, shikamoo." Alikuwa amevaa sare yake ya zahanati, kanga kiunoni, amepewa ruhusa ya siku moja. Nikaitikia marahaba, nikasema kuna tatizo dogo la vocha, akae tu.

Tatizo halikuwa dogo. Vocha za kukwangua zililetwa Newala na mtu mmoja wa jumla kutoka Masasi, na wiki ile mtu huyo alikuwa msibani Lupaso. Zilizobaki zilikuwa zimenunuliwa asubuhi na kila aliyechaji simu yake. Nilizunguka soko kibanda kwa kibanda, nikiuliza kwa adabu mwanzoni na bila adabu baadaye. Mwalimu mmoja mwenye modemu alinifungulia mlango, akanionyesha salio lake, nalo lilikuwa kavu kama langu. Saa sita wenye vibanda wakaanza kufunga kwenda kuswali Ijumaa. Niliambulia vocha nne ndogo, na ya nne niliipata kwa kumbembeleza mteja aliyekwisha kuishika mkononi. Nilimwambia kuna mtu maisha yake yako hapa. Akaniangalia, akanipa.

Saa saba kasoro dakika chache niliziingiza zote nikanunua bando dogo la siku. Lilitosha fomu, mradi litumike kwa fomu peke yake. Hilo nililijua, na nikafanya nilichodhani ni uangalifu: nilibonyeza ule msalaba wa juu kwenye dirisha la programu, dirisha likatoweka. Msalaba ule hauizimi programu. Unaificha tu. Ilijikunja ikawa mshale mdogo wa kijani chini kabisa ya kioo, pembeni mwa saa, na pale ikaendelea na zile video mbili zilizobaki.

Tukaanza. Jina, tarehe, wilaya, namba ya mtihani. Mama Pacha alisoma namba kutoka kwenye cheti, moja moja, kama mtu anayesoma kipimo cha dawa. Ukurasa wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kazi ilikuwa inakwenda. Tukafika ukurasa wa tatu, wa kupandisha vyeti.

Mama Pacha alizoea kutazama vitu vidogo vinavyotembea, mshale wa mizani, matone ya dripu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ule mshale wa kijani pale chini unaocheza, ni wa nini?"

Sikuangalia hata. "Hayo ni mambo ya kompyuta, mwenzangu. Tulia, unanichanganya."

Akatulia. Akakunja mikono mapajani na kutazama ukuta. Mduara wa kupandishia cheti ukazunguka, ukazunguka, ukasimama. Nikabonyeza tena. Ukurasa wote ukafutika, na ile taa ya modemu ikabaki inawaka bure. Hapo ndipo nilipotazama chini. Mshale ulikuwa umesimama nao, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuvuta.

Nilijua palepale. Sikukuna kichwa, sikutafuta sababu. Nilijua kama unavyojua umekanyaga mwiba. Nikachomoa flashi yenye vyeti vyake, nikasema, "Masasi. Twende Masasi."

Dereva wa bodaboda alitupakia mshikaki, yeye mbele, Mama Pacha katikati, mimi nyuma. Tuliondoka saa nane kasoro robo. Barabara ya wakati ule ilikuwa vumbi na makorongo, na pale inaposhuka kutoka mlimani dereva alizima injini kuokoa mafuta, nikamfokea kwamba sikumlipa ateleze. Nilikuwa nimemshika Mama Pacha kiunoni na nilihisi anavyopumua, pumzi fupi fupi, kila tulipopunguza mwendo. Nilijaribu kuomba Mungu nikashindwa kupanga maneno, kwa sababu kila nilipoanza niliona kwamba ninamwomba anifiche mimi.

Intaneti kafe ya Masasi ilikuwa na watu, lakini mwenyewe alipotuona jinsi tulivyojaa vumbi aliinua mteja mmoja akatupisha. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Fomu ya Newala haikuwa imehifadhiwa, tukaanza upya. Jina, tarehe, wilaya. Mama Pacha sasa alitaja namba ya mtihani bila kuangalia cheti. Ukurasa wa tatu tuliingia saa kumi kasoro dakika mbili. Cheti cha kwanza kikapanda. Cha pili kikapanda. Picha ikasita, ikapanda. Nikabonyeza kutuma, na maandishi yakatokea mekundu kwamba muda wa kupokea maombi umekwisha. Saa ya kioo ilisoma saa kumi na dakika moja. Tukapiga namba iliyoandikwa chini ya ukurasa, ikaita mpaka ikakatika. Tukapiga tena na tena, ikaita vilevile.

"Poleni sana," mwenye kafe akasema. "Nini kiliwachelewesha?"

Nikajibu, "Mtandao wa Newala."

Watu wote mle ndani wakatikisa vichwa. Mmoja akasema Newala bwana, mwingine akasema afadhali hata ya Tandahimba. Nilishangaa uongo ulivyokuwa mwepesi. Sikuhitaji hata kuongeza chumvi, kila mtu aliumalizia mwenyewe.

Nje, dereva alikuwa anajaza mafuta. Mama Pacha alifungua kanga, akakung'uta vumbi, akaifunga tena. Kisha akaniuliza, "Dada, ule mshale ndio uliokula bando?"

Aliuliza bila hasira. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, na alikuwa ameshajua. Nikasema, "Hapana. Ni mtandao tu."

"Haya." Kisha akamtaja mjomba wake kama wanavyomtaja kwao. "Njomba ataniuliza."

"Mwambie mtandao."

"Njomba hajui mtandao, dada. Ataona nimezembea."

Jumamosi nilimpigia simu fundi. Nikamwambia anifundishe kile kisanduku, na safari hii nilishika kalamu. Alinielekeza kila kitu kwa uvumilivu: mahali pa kuandika kikomo cha siku, mahali pa kuiagiza isianze bila kuniuliza, mahali pa kuipangia saa za kufanya kazi, na namna ya kuizima hasa, kwa kuubonyeza ule mshale wa pembeni mwa saa na kuchagua neno la mwisho. Kwenye kikomo nikaandika hamsini. Akasema, "Mama, hamsini ni kidogo mno, hata video moja itakuchukua siku mbili." Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Nilikuwa najiadhibu mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyehitaji niadhibiwe.

Akaniambia pia kwamba programu huandika kila inachofanya. Nikafungua. Ilikuwa imeandika jina la kila wimbo na dakika uliposhuka. Ijumaa, saa saba na dakika ishirini na moja, video ya wimbo wa harusi, haikukamilika. Hiyo ndiyo iliyokula vocha zangu nne. Nikaisoma mara nyingi. Yule mteja wa harusi alipokuja jioni nikamwekea nyimbo zilizokuwepo, akaniuliza mbona mmoja umekatika katikati. Nikamwambia mtandao.

Neno hilo nililisema siku nyingi. Niliogopa, nalisema wazi. Niliogopa kwamba nikikiri, hakuna mzazi atakayeniletea tena fomu ya mwanawe, na duka ndilo lililokuwa limeniinua nilipopunguzwa kazi. Niliogopa pia kuchekwa: mpiga chapa mzima aliyejitia mjuzi wa kompyuta, kumbe hajui kuzima programu. Siku ya nane, mwanamke mmoja wa Mnyambe aliyekuja kutoa nakala alisema, hivihivi tu, akingoja printa, kwamba kwa akina Mama Pacha kuna maneno. Wanasema hakutuma maombi yoyote. Wanasema siku ile aliomba ruhusa kazini, akaja mjini kutembea, akaonekana kwenye pikipiki akielekea Masasi.

Nikasema, "Watu wanapenda kusema." Nikampa nakala zake. Halafu nikakaa siku nne nyingine. Hizo siku nne ndizo ambazo sijaweza kuzieleza mpaka leo. Sikuwa na kazi, sikuwa na ugonjwa. Kila asubuhi nilisema kesho.

Siku ya kumi na mbili nilifunga duka nikaenda Chiwata. Nilimkuta mjomba ametoka shambani kupuliza salfa, nyusi zote za njano, anajimwagia maji mikononi kwa kata. Hakuwa mzee sana kama nilivyomdhania. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniwekea kiti, na kabla sijakaa nikaanza kusema. Nilimweleza yote. Programu, bomba, bando, vocha, mshale. Sikuwa na hakika anaelewa, lakini alisikiliza mpaka mwisho huku anajifuta kwa fulana kuukuu.

"Kwa hiyo," akasema, "mwanangu alikuwa amekaa hapo, karatasi zake zote zimekamilika."

"Ndiyo, mjomba."

"Na kilichomkosesha ni nyimbo zako."

"Ndiyo."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Aliuona ule mshale kabla yangu. Nikamwambia atulie."

Akaiweka ile fulana begani. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Ijumaa ile ni ya lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole vyenye salfa, akatikisa kichwa. "Jumapili iliyopita tulikaa kikao hapa. Nilimwita, akaja. Nikamwuliza mbele ya wajomba na mama zake, kwa nini hukupeleka maombi. Akasema mtandao. Nikamwuliza tena, hakuna kingine? Akasema hakuna, njomba. Basi nikaitoa zamu." Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba, ambako msichana mmoja, uso umefungwa kitambaa, alikuwa anamimina salfa kwenye mashine ya kupulizia. "Yule ni mdogo wake. Ameleta barua ya chuo cha ualimu. Nimempa mbele ya watu wote. Nikamnyang'anye leo?"

Nikahesabu nami. Kikao kilikuwa kimekaa siku ya tisa. Mwanamke yule wa Mnyambe alikuja dukani kwangu siku ya nane.

"Ungekuja kabla ya Jumapili," mjomba akasema, wala si kwa ukali, "ningekugombeza, na zamu ingebaki pale pale."

Akaita ndani niletewe chakula. Nilikula, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili. Yule mdogo mtu alinawisha mikono, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza kama mimi ndiye yule dada wa steshenari anayejaza fomu za mkopo. Nikamwambia ndiye.

Kesho yake nilikwenda Mnyambe. Ilikuwa siku ya kliniki. Zahanati ilikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje, watoto wanalia, mizani inaning'inia kwenye boriti ya kibaraza, na Mama Pacha chini yake anapandisha mtoto mmoja na kumshusha mwingine, anasoma, anaandika kwenye kadi. Aliponiona hakushtuka. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, kwamba ilikuwa mimi, kwamba nimetoka kwa mjomba wake.

"Nimeshasikia, dada," akasema. "Kaa hapo kwenye benchi, nimalize foleni."

Nikakaa. Walikuwa akina mama kumi na tisa. Kila mmoja alipofika mbele yake alimwita nesi, naye hakumsahihisha hata mmoja.